Uendelevu wa biashara huanzia kwenye mita

Chukua bekari ya mtaani yenye oveni moja ya umeme, mashine ya kukandia unga, friza mbili na taa za kawaida. Wiki moja imetoa mikate 2,000 na kutumia uniti 620 za umeme. Wiki iliyofuata oda ziliongezeka, ikatoa mikate 3,000 na kutumia uniti 780. Namba ni za mfano, ila hesabu yake ndiyo inayofanywa na wakaguzi wa nishati kila mahali. Mikate 1,000 ya ziada ilikula uniti 160. Kwa hiyo ile 2,000 ya kwanza ilistahili kula 320 tu. Uniti 300 zilizobaki zilikwenda wapi?

Hizo hazikuoka mkate hata mmoja. Zingeliwa hata kama oda zisingekuwapo wiki nzima na mazoea yakabaki yaleyale: friza zenye mipira ya milango iliyochakaa, oveni inayowashwa saa mbili kabla unga haujaumuka, taa za stoo, pampu ya maji inayojiwasha na kujizima usiku kucha kwa sababu bomba linavuja. Ni karibu uniti 43 kwa siku, na karibu nusu ya bili ya wiki ya kwanza.

Uendelevu unafaa kuanzia hapo. Neno lenyewe limechoshwa na picha za viongozi wakipanda miche, na wafanyabiashara wengi wakilisikia hudhani ni sadaka ya kampuni kubwa zenye fedha za kutupa. Maana yake kwa biashara ni nyepesi kuisema na nzito kuitekeleza: je, unaweza kuendelea kufanya unachofanya, kwa maji haya, nishati hii, malighafi hii na sheria hizi, miaka kumi ijayo? Asiyejua anatumia kiasi gani kwa kila bidhaa anayoitoa hawezi kulijibu swali hilo. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na umeme, maji na mkaa ni mali kama fedha iliyo kwenye droo.

Kusoma mita kama mhasibu

Mita za malipo ya kabla, iwe LUKU ya Tanzania au mita ya tokeni ya Kenya, zimewazoesha watu kuangalia salio pale tu linapokaribia kuisha. Biashara inahitaji tabia nyingine. Andika salio la uniti unapofunga jioni na ulisome tena asubuhi kabla hujawasha chochote. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo matumizi ya usiku. Fanya hivyo siku saba mfululizo, kwa saa zilezile, na kama umeongeza tokeni katikati ukumbuke kuzijumlisha. Kosa linaloharibu daftari nyingi ni hilo la tokeni kusahauliwa, namba zikaonekana za ajabu na mtu akakata tamaa.

Ukishapata wastani wa usiku, zima kifaa kimoja kimoja. Usiku wa kwanza chomoa kitu kimoja tu, usiku wa pili kingine. Kwa friza zenye bidhaa ndani usichomoe. Tumia mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi inayoonyesha uniti za kifaa kimoja, na uiache saa 24 nzima. Friza haivuti umeme sawasawa muda wote, kwa hiyo kipimo cha dakika kumi hakisemi kitu.

Safu ya pili ya daftari ni uzalishaji: mikate, lita za maziwa, sahani za chakula, vyumba vilivyolala wageni. Baada ya wiki nane chora nukta moja kwa kila wiki kwenye karatasi ya miraba, uzalishaji chini na uniti pembeni, kisha pitisha mstari katikati ya nukta. Pale mstari unapokutana na ukingo wa kushoto ndipo ulipo mzigo wa msingi, yaani unacholipa bila kuzalisha. Nukta inayokaa juu sana ya mstari ni wiki yenye hitilafu, na mara nyingi ukimuuliza msimamizi wa zamu atakumbuka ilikuwa nini.

Wenye viwanda vikubwa zaidi wana jambo jingine la kuangalia kwenye ankara: malipo ya kVA, kipimo cha ukubwa wa mzigo unaouvuta kwa wakati mmoja. Haya hutozwa kwa kilele cha matumizi cha mwezi, hata kama kilidumu muda mfupi tu. Kuwasha mota zote pamoja saa moja asubuhi kunaweza kugharimu mwezi mzima. Ziwashe kwa kupishana. Kenya inamtoza mteja mkubwa adhabu kipengele cha nguvu, kile mafundi wanachokiita pawafekta, yaani sehemu ya umeme unaovutwa ambayo inafanya kazi kweli, kikishuka chini ya 0.9, na dawa yake ni kapasita zilizopimwa kulingana na mota. Tatizo ni kwamba kapasita hufa kimyakimya. Panga kuzikagua mara mbili kwa mwaka, la sivyo adhabu itarudi na mtu atadhani bei ya umeme imepanda.

Jikoni: moto mkubwa hauivishi maharage haraka

Biashara ya chakula ndiyo yenye nafasi kubwa ya kupunguza gharama na uharibifu kwa wakati mmoja, na ndiyo sehemu ambayo serikali zimeanza kuisukuma. Mkakati wa Tanzania wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Migahawa na mamalishe wanaosubiri waambiwe watahama kwa haraka na kwa hasara. Anayehama sasa anapata muda wa kujifunza.

Hesabu ya kuchemsha lita 10 za maji ya chai, kutoka nyuzi 25 hadi 100, ni hii. Maji yenyewe yanahitaji joto sawa na uniti 0.87. Kilo moja ya mkaa mzuri ina joto la uniti 8 hivi, lakini jiko la kawaida la bati linafikisha kwenye sufuria karibu asilimia 20 tu. Utachoma zaidi ya nusu kilo. Kilo moja ya gesi ya mtungi ina uniti karibu 12.8, na jiko lililo safi linafikisha asilimia 55 hivi, kwa hiyo gramu 125 zinatosha. Kwa makadirio, kilo moja ya gesi inafanya kazi ya zaidi ya kilo nne za mkaa. Weka bei za mtaani kwako uone. Wala hesabu ya mkaa haianzii hapo jikoni: tanuri la udongo la kienyeji hula kilo sita hadi kumi za kuni kavu kutoa kilo moja ya mkaa. Gunia moja ni miti ambayo mtu fulani alikuwa nayo na sasa hana, na bei ya gunia itaendelea kupanda kadiri wakataji wanavyokwenda mbali zaidi.

Sasa liko jambo ambalo halihitaji kununua chochote. Maji yakishachemka hayapandi tena joto, hata uweke moto wa namna gani. Moto wa ziada unageuza maji kuwa mvuke tu, na kuufanya mvuke kutoka lita moja kunakula joto mara saba ya lile lililohitajika kuifikisha lita hiyo kwenye kuchemka. Kwa hiyo sufuria ya makande inayofoka bila kifuniko inachoma fedha kwa mvuke unaoupandisha darini. Loweka maharage usiku, mwaga maji ya kulowekea, chemsha kwa moto mkubwa, kisha funika na ushushe moto hadi uone vipovu vichache tu. Wapishi wengi hawaamini mpaka wapime mtungi kwa mizani kabla na baada ya pishi. Wape mizani.

Gesi ina kosa lake kubwa kwenye biashara, nalo ni kuunganisha jiko kubwa la mgahawa kwenye mtungi wa kilo 6. Gesi ndani ya mtungi iko katika hali ya kimiminika, na ili iwe hewa inavuta joto kutoka kwenye kuta za mtungi. Ukivuta haraka kupita uwezo wa mtungi kupokea joto kutoka hewani, mtungi unatoa jasho, unakuwa baridi hata kuganda barafu nje, na moto unafifia ilhali gesi bado imo. Hapo ndipo watu huulaza mtungi au kuumwagia maji ya moto. Mtungi ukilazwa, kimiminika kinaweza kuingia kwenye regyuleta na kulipuka motoni. Njia sahihi ni kutumia mtungi mkubwa, au kuunganisha miwili hadi minne kwa bomba la pamoja lenye regyuleta yake, mitungi ikiwa imesimama nje ya chumba cha jikoni. Gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni, kwa hiyo tundu la kutolea hewa liwe chini karibu na sakafu, na mitungi isikae karibu na shimo au mfereji. Kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio. Vipovu vikikua, funga na urudie.

Kwa vyakula vinavyochukua muda mrefu, sufuria ya umeme ya presha inashinda vyote viwili. Nusu kilo ya maharage inaiva kwa chini ya nusu uniti. Ubaya wake ni ukubwa: nyingi sokoni ni za lita 6, na mgahawa unaohudumia watu mia moja utahitaji kadhaa, kila moja ikivuta karibu wati 1,000. Soketi za nyumba ya zamani zenye waya mwembamba hazitastahimili. Fundi apitishe waya mpya na breka yake kabla hujanunua sufuria ya tatu.

Ubaridi

Friza inakula umeme saa 24, kwa hiyo kosa dogo linajirudia mara nyingi. Funga mlango ukiwa umebana noti au kipande cha karatasi, kisha kivute. Kikitoka bila kukwama, mpira umechoka. Rudia pembe zote nne. Weka nafasi ya sentimita 10 hivi nyuma ya friji ili joto lipate pa kutokea, safisha kondensa, yaani koili zinazotoa joto, kwa brashi laini kila mwezi mmoja au miwili, hasa jikoni ambako mafuta ya kukaangia hunata na vumbi, na yeyusha barafu kabla haijawa nene kuliko nusu sentimita. Friza ya samaki iwe nyuzi 18 chini ya sifuri. Kushusha hadi 25 kwa kudhani samaki atakaa salama zaidi ni kulipia bure.

Ndani ya mabomba yake kuna jambo la kimataifa lenye jina la Afrika Mashariki. Mwezi Oktoba 2016, nchi wanachama wa Itifaki ya Montreal, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni, zilikubaliana Kigali kupunguza hatua kwa hatua gesi za kupozea za kundi la HFC. Mfano ni R404A, iliyoenea kwenye friza za mabucha na vyumba baridi. Kilo moja ikivuja inapasha dunia joto sawa na karibu tani nne za kaboni dioksidi. Kadiri nchi zinavyotekeleza makubaliano hayo, gesi hizi zitakuwa adimu na ghali. Anayenunua friza leo na anayetaka kuitumia miaka kumi na tano asome kibati cha nyuma. Kikiandikwa R290 au R600a, uko upande salama wa sheria hizo, na kwa kawaida unatumia umeme kidogo pia.

Ila R290 ni propani, nayo inawaka. Fundi akikushauri kuijaza kwenye friza ya zamani iliyotengenezwa kwa R404A, kataa. Swichi na taa zake hazikuundwa kukaa karibu na gesi inayoshika moto. Na fundi anayeongeza gesi kila baada ya miezi michache bila kutafuta inakovujia anakuuzia tatizo lilelile mara nyingi. Mwambie apime uvujaji kwa naitrojeni na povu la sabuni, azibe, avute hewa yote kwa pampu, kisha ajaze kwa uzito ulioandikwa kwenye kibati. Asiye na mizani ya gesi si fundi wa kumkabidhi friza yenye mtaji wako.

Kisima cha hoteli

Pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Nungwi kule kaskazini hadi Paje na Jambiani, inaonyesha kwa nini biashara inaweza kujiua yenyewe bila kuvunja sheria yoyote. Chini ya mwamba wa matumbawe, maji matamu ya mvua yanaelea juu ya maji ya chumvi ya bahari kwa sababu ni mepesi kidogo. Tofauti ya uzito ni ndogo sana, na matokeo yake ni kanuni ambayo kila mwenye hoteli ya ufukweni anapaswa kuijua: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Habari njema, mpaka uigeuze. Ukishusha kiwango cha kisima kwa nusu mita tu, mpaka wa chumvi huelekea kupanda kwa mita 20.

Ndiyo maana kisima hakikauki. Kinageuka chumvi, na kikishageuka hakirudi kwa msimu mmoja wa mvua. Majirani wa kijijini wanaoteka kwa ndoo wanaharibikiwa pamoja na hoteli iliyoharibu. Hoteli yenye fedha itanunua mtambo wa kuchuja maji ya bahari, ambao hula uniti tatu hadi sita kwa kila mita moja ya ujazo na kuacha maji ya chumvi kali ya kutupa. Kijiji hakina fedha hiyo. Hili linauma, na wawekezaji walifikirie kabla ya kuchora bwawa la kuogelea.

Cha kufanya ni kupima kabla ladha haijabadilika. Kipimo cha mkono cha upitishaji umeme, kinachosomeka kwa maikrosimensi, si ghali. Pima kila wiki, kisima kilekile, saa ileile, pampu ikiwa imefanya kazi nusu saa. Namba moja haina maana kubwa. Mwelekeo wa miezi mitatu ndio unaosema. Ikipanda mfululizo, punguza kasi ya pampu. Pampu ndogo inayofanya kazi saa nyingi polepole inavuta chumvi kidogo kuliko pampu kubwa inayojaza tangi kwa saa moja, hata kama jumla ya lita ni ileile. Visima viwili vifupi vilivyoachana ni bora kuliko kimoja kirefu, na kuchimba zaidi ili kupata maji mengi ndiyo njia ya haraka ya kuifikia chumvi.

Upande wa matumizi, chukua ndoo ya lita 10 na saa. Bomba la mvua la bafuni likijaza ndoo kwa sekunde 30, linamwaga lita 20 kwa dakika. Kichwa cha kubana maji kinatoa lita 8 au 9 na mgeni halalamiki kama msukumo unatosha. Choo kinachovuja ndani kwa ndani kinaweza kupoteza mamia ya lita kwa siku bila sauti: tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo, usivute kwa nusu saa, kisha angalia bakuli. Rangi ikionekana, badilisha mpira wa chini. Wafanyakazi wa usafi ndio wa kwanza kuona haya, kwa hiyo wape daftari la kuandikia na mtu wa kulisoma.

Mvua nayo ihesabiwe. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 200 mahali panapopata milimita 1,000 kwa mwaka, ukiondoa asilimia 20 ya kumwagika na kugeuka mvuke, linatoa lita 160,000. Milimita ya kwanza ya kila mvua, lita 200 kwa paa hilo, imwagwe pembeni kwa bomba la kusimama lenye kizibo, kwa kuwa imebeba vumbi, majani na kinyesi cha ndege. Matangi mengi yananuka kwa kukosa kifaa hicho cha bei ndogo. Kwa miji yenyewe fedha za maji zimeanza kutafutwa kwa njia mpya: mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi wa mazingira, kupanua miundombinu yake.

Sola inakuja baadaye

Wengi huanzia kwenye paneli. Naona ni kosa la mpangilio. Kilowati moja ya paneli Dar es Salaam inatoa wastani wa uniti 4 hivi kwa siku. Ile bekari yenye mzigo wa msingi wa uniti 43 ingehitaji karibu kilowati 11 kuulisha mzigo huo peke yake, na kwa kuwa sehemu yake ni ya usiku, ingehitaji betri pia. Ikibadilisha mipira ya friza, ikaziba bomba na kuchelewesha oveni, ikashusha uniti 20, imejiepusha na kilowati tano za paneli ambazo haikuwa na haja nazo.

Ukifika hapo, yako machache yanayoharibu mitambo mingi huku kwetu. Kivuli cha mnazi au tangi kikiangukia paneli moja kwenye mnyororo kinaweza kuvuta chini mnyororo mzima, kwa hiyo chunguza paa saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, si mchana peke yake. Paneli ziinamishwe kwa angalau nyuzi 10 hata karibu na ikweta, ili mvua izioshe. Maungio ya waya ya chapa tofauti yanayolazimishwa kuingiana hupata joto na kuungua. Betri za risasi zisishushwe chini ya nusu. Za lithiamu za aina ya fosfeti ya chuma huvumilia kushushwa hadi asilimia 10 au 20 zilizobaki. Na jenereta ya dizeli unayoibakiza kwa dharura isiendeshwe kwa mzigo mdogo chini ya thuluthi ya uwezo wake, maana haichomi mafuta vizuri, inajaza masizi na kufa mapema.

Sheria na wanunuzi hawasubiri

Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008. Kenya ilifuata tarehe 28 Agosti 2017, kwa adhabu inayofika faini ya shilingi milioni nne za Kenya au kifungo cha miaka minne. Tanzania Bara ilianza tarehe 1 Juni 2019, wiki chache baada ya tangazo bungeni la mwezi Aprili. Mwenye stoo iliyojaa mifuko alipata hasara, mwenye mashine za kuitengeneza alipata kubwa zaidi. Lakini aliyekuwa ameiona Rwanda alikuwa na miaka kumi na moja ya kujiandaa. Hivyo ndivyo sheria za mazingira zinavyotembea katika ukanda huu: nchi moja inaanza, nyingine zinatazama, kisha zinafuata kwa ghafla. Chupa na vifungashio vinavyotumika mara moja viko kwenye njia hiyohiyo. Kenya tayari ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, inayomfanya mzalishaji abebe jukumu la kifungashio chake hata baada ya bidhaa kuliwa.

Malighafi nayo ina sheria zake. Viwanda vya minofu vya Mwanza, Kisumu na Entebbe vilijengwa kwa kudhani sangara hawana mwisho. Uvuvi wa wachanga ulipozidi, mashine zikabaki bila samaki wa kutosha. Sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, kwa kuwa hajazaa. Kiwanda kinachopokea wa sentimita 40 mlangoni kinanunua mzigo wa leo kwa mzigo wa miaka miwili ijayo.

Kwa kahawa, shinikizo linatoka kwa mnunuzi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 dhidi ya ukataji misitu inataka kahawa inayoingia huko itoke kwenye shamba ambalo halikuwa msitu uliokatwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na kila shamba lijulikane lilipo. Tarehe ya kuanza kutumika imesogezwa zaidi ya mara moja, na baadhi ya vyama vya ushirika vimeichukulia kama ruhusa ya kupumzika. Haifai. Kupima maelfu ya mashamba madogo ya nyumbani ya Kilimanjaro, Kagera au Mbinga ni kazi ya misimu, na wanunuzi wameshaanza kuomba orodha.

Kwa shamba lisilozidi hekta nne nukta moja ya GPS, yaani latitudo na longitudo, inatosha, ikiwa na tarakimu sita baada ya desimali. Kwa kubwa zaidi unahitaji mpaka wote. Mpimaji asimame ndani ya shamba, wala si barabarani alikoacha pikipiki. Chini ya migomba simu hupata setilaiti kwa shida, hivyo asubiri mpaka kosa linaloonyeshwa lishuke chini ya mita 10 kabla ya kuhifadhi. Aandike jina la mkulima kama lilivyo kwenye daftari la AMCOS, chama chake cha ushirika. Kisha mtu mwingine azipitishe nukta zote kwenye ramani kabla hazijatumwa, kwa sababu Tanzania iko kusini ya ikweta na latitudo zake zina alama ya kutoa. Shamba la Moshi lenye -3.35 na 37.33, likisahauliwa ile alama, linaangukia jangwa la Chalbi kaskazini mwa Kenya. Namba zikibadilishana nafasi linatua Uhispania, karibu na Granada, na kahawa ya mkulima huyo inabaki ghalani.